Saa "orijino" niliyoagiza mtandaoni: uzoefu wangu, Dodoma

Kilichonishtua ni kwamba saa ilikuwa inatembea. Niliivua Ijumaa jioni, nikaiacha mezani chumbani kwangu Nkuhungu, nikapanda gari kwenda Kondoa kumsalimia mama. Jumatatu alfajiri narudi, naikuta inakwenda, tena inalingana na simu. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikaa kitandani nikaishiwa nguvu, maana niliuziwa kama Seiko 5 ya otomatiki, na mama alikuwa amenieleza juzi yake tu: "Ukiivua siku mbili itasimama mwanangu, usiogope. Itikise."

Mama ni mkunga mstaafu. Seiko 5 yake anayo tangu kabla sijazaliwa na haijawahi kutiwa betri, kwa sababu saa za namna hiyo hazina betri. Ndani kuna kipande cha chuma kinachozunguka kila mkono unapocheza, hicho ndicho kinachokaza springi. Springi ikijaa, saa inakwenda kama saa 40 hivi, kisha inalala. Yangu ilikuwa imekaa mezani karibu saa 60 bila kuguswa na bado ilikuwa macho.

Mimi ni muuguzi, nashika zamu kwenye kituo cha afya hapa Dodoma. Niliitaka saa kama ya mama kwa sababu ya kazi. Tangazo nililiona kwenye soko la mtandaoni ambalo wengi wetu tunalitumia, bei shilingi 190,000, imeandikwa orijino, boksi na waranti. Muuzaji yuko Dar. Akaniandikia kwa upole kabisa: "Dada yangu, tukilipana huku ndani wananikata kamisheni. Njoo WhatsApp nikufanyie 165,000." Nikaenda. Nikamtumia hela yote kwenye namba yake ya simu, mzigo ukaja na basi la usiku, nikaufuata stendi ya Nanenane asubuhi nikitoka zamu. Boksi zuri, kadi ya waranti imo, saa inang'aa.

Siku ile niliyorudi kutoka Kondoa nikampelekea fundi saa mmoja mzee pale karibu na soko la Majengo. Hakuifungua kwanza. Aliiweka kwenye mwanga akaniambia niangalie mshale wa sekunde. Ulikuwa unaruka: tik, unatulia, tik, unatulia, mara moja kila sekunde. Akavua ya kwake, Seiko 5 iliyochubuka kioo, akaziweka pamoja. Ya kwake mshale unateleza, na ukikodoa macho unaona vihatua vidogo vidogo. Ni sita kwa kila sekunde. Kisha akavuta kile kifungo cha pembeni cha kurekebishia saa. Mshale wangu ukasimama pale pale. Wa kwake ukaendelea kwenda kama vile hakuna kilichotokea. Nyuma ya saa yangu imechorwa 7S26, na saa zenye mashine hiyo hazisimamishi sekunde ukivuta kifungo. Pia imeandikwa ina vito 21, yaani vijiwe vidogo vya kupunguza msuguano ndani ya mashine. Alipofungua kifuniko tukakuta betri ndogo kama kifungo cha shati, na pembeni yake duara la plastiki jeupe la kuishikilia mashine isicheze, kwa kuwa mashine yenyewe ni ndogo kuliko tumbo la saa.

"Mwanangu, wamekuingiza mjini," akasema, akairudishia kifuniko na akakataa hela yangu.

Usiku ule nikarudi kwenye tangazo nikaliangalia kwa macho mengine. Alikuwa na saa tatu za rangi tofauti, na kila moja amepiga picha mbele na nyuma. Serial namba, ile ambayo kila saa huwa na yake, nyuma ya zote tatu ni ile ile, na ndiyo iliyo kwenye yangu. Kwenye Seiko namba hiyo ina tarakimu sita, ya kwanza inaonyesha mwaka wa kutengenezwa, ya pili mwezi, zinazofuata ni za saa yenyewe. Saa tatu haziwezi kuzaliwa na namba moja. Picha zilikuwepo tangu siku ya kwanza, sikuzikuza tu.

Muuzaji nilipomwandikia alijibu mara moja: umeshaifungua, waranti imekufa. Baada ya hapo akanifungia. Wahusika wa soko wakanijibu kwamba malipo hayakupita kwao, hivyo hawana hela ya kunirudishia. Iliniuma, ila kwa hilo siwalaumu, mimi ndiye niliyetoka nje ya mfumo wao kwa ajili ya 25,000. Ninachowalaumu ni kwamba niliwapelekea picha za zile namba tatu, na tangazo likaendelea kukaa siku kumi na moja. Ndani ya siku hizo wapo wengine walioliona. Maelezo, picha na risiti ya muamala nimezipeleka pia Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Nilijiambia, feki au si feki, majira inaonyesha, nikaendelea kuivaa kazini.

Mwezi wa pili akaletwa mtoto wa miezi minane, anakohoa. Mtoto wa umri huo tunamhesabia pumzi dakika nzima akiwa ametulia, na zikifika 50 tunasema anapumua haraka, anaingia kwenye matibabu ya nimonia. Nikahesabu, nikapata 51. Sijui ni nini kilinifanya nitazame tena saa, lakini niliuona mshale umefika kwenye namba tisa, pale tunapopaita saa tatu, unatetemeka hapo hapo bila kupanda. Ulikaa kama sekunde tano ndipo ukaendelea. Betri ilikuwa inakwisha, na mshale ukiwa unapanda ndipo mzigo unapomzidi. Mwenzangu akatoa simu, tukahesabu upya, mama yake akimshika vizuri. Pumzi 47.

Yule mtoto alikuwa na mafua. Mimi nilikuwa nakaribia kumwandikia antibiotiki kwa dakika yenye sekunde 65. Sijaivaa tena tangu siku ile, na sijampa mtu, maana najua itaishia mkononi mwa nani. Iko kwenye droo, imetolewa betri.

Mwezi uliopita nimenunua nyingine, soko lile lile, muuzaji mwingine. Huyu nilimwomba video ya mshale wa sekunde kwa nusu dakika, na picha ya nyuma niliyoweza kuikuza. Alituma bila kununa. Saa yake nyuma ina kioo, unakiona kile kipande cha chuma cha nusu duara kikicheza. Bei 390,000, nimelipa ndani ya mfumo wao, ambako hela inakaa mpaka mnunuzi athibitishe amepokea. Nilijibana miezi miwili kuipata hiyo hela. Huyu nampa nyota tano, yule wa kwanza nilimpa moja kwa sababu sifuri haikuwepo.

Kabla ya kuthibitisha, niliivaa siku mbili, nikaivua Ijumaa jioni, nikaiweka mezani pale pale. Jumapili natoka kanisani naikuta imesimama, mishale inasoma saa tano kasorobo. Nikaitikisa mara tatu, ikaamka. Ndipo nikampigia mama.