Obsidian: programu ya madokezo isiyozifungia faili zako

Kabla ya kuangalia rangi na vitufe vya programu ya madokezo, uliza kwanza: ninachoandika kinakaa wapi? Kwa Obsidian, iliyotoka mwaka 2020, kila dokezo ni faili ya maandishi matupu yenye mwisho wa .md, ndani ya folda uliyoichagua mwenyewe. Ukiifuta programu leo, faili zote zinabaki na zinafunguka hata kwa Notepad. Evernote, programu nyingine ya madokezo, tangu Desemba 2023 humpa asiyelipa madokezo 50 tu. Obsidian haihesabu madokezo yako, na tangu Februari 2025 hata matumizi ya kazini ni bure. Unalipia huduma za ziada, kama ile ya kusawazisha vifaa, yaani kuweka madokezo yaleyale kwenye simu na kompyuta.

Wengi huharibu mwanzoni kabisa, kwenye folda. Wanajenga folda ndani ya folda, tabaka tano, halafu dokezo moja linafaa kukaa sehemu tatu na halionekani tena. Folda nne zinatosha: kazi zinazoendelea, mambo ya kudumu, yaliyokwisha, na viambatisho. Kazi iliyobaki ifanywe na viungo vya kubofya, vinavyokutoa dokezo moja hadi jingine: andika mabano mawili ya mraba, [[, orodha ya madokezo inajitokeza, chagua unalolitaka.

Jina lina uzito kuliko folda, kwa sababu Ctrl+O hufungua dokezo kwa herufi chache tu za jina lake. “Mkutano” halisaidii chochote. “2025-03-14 Mkutano wa bajeti” linajieleza, na mwaka ukitangulia, faili zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Usitie nukta pacha wala alama ya kuuliza kwenye jina, Windows inazikataa. Ukiwa umesahau jina, Ctrl+Shift+F inapekua maandishi ya madokezo yote.

Ile ramani ya vidoti inayosifiwa sana, inayochora madokezo na viungo vyake, ni pambo. Madokezo yakifika mia kadhaa, inakuwa uzi uliosokotana.

Matatizo ya kweli ni mengine. Ukibadilisha jina la faili nje ya programu, viungo vinavyoelekea kwake vinakatika. Badilishia ndani ya Obsidian, navyo vitarekebishwa. Picha unazobandika hutupwa kwenye folda kuu mpaka uende kwenye mipangilio, sehemu ya faili na viungo, uzielekeze kwenye folda ya viambatisho. Usisawazishe folda moja kwa huduma mbili kwa wakati mmoja, utapata nakala zinazogongana. Na kusawazisha si kuweka nakala ya akiba: ulichokifuta kwenye simu kinafutika na kwenye kompyuta, kwa hiyo nakili folda nzima kwenye diski ya nje kila wiki. Plagini (programu ndogo za nyongeza) za watu wengine zinaweza kusoma faili zako, basi weka chache.

Kama mnaandika watu kadhaa kwenye ukurasa mmoja kwa pamoja, au unachora kwa kalamu, Obsidian haikufai. Kwa kalamu, OneNote ya Microsoft inafaa zaidi.

Anayehama kutoka Evernote atoe madokezo kwa faili za .enex, kisha ayaingize kwa plagini ya Importer ya Obsidian wenyewe. Aanze na daftari moja lenye picha na majedwali, alikague, na asifute kitu kule alikotoka mpaka yote yawe yamefika.