TAHADHARI Mtwara na Lindi: "samaki wa kusafisha kioo" anayeuzwa WhatsApp ni kifaranga cha kambale

Ndugu zangu mnaofuga samaki wa mapambo, kuna kijana anapita kwenye magrupu ya hapa Mtwara anauza samaki wa kusafisha kioo cha tangi, mmoja shilingi 15,000. Picha anazotuma ni za msafisha kioo wa kweli, amejibandika kwenye kioo kwa mdomo. Anachokuletea ni kifaranga cha kambale.

Nilichukua watatu. Alinikabidhi stendi, kagiza kameshaingia, kwenye mfuko wa maji ya tope. Urefu wa kidole, weusi, wana ndevu, nikaamini. Hela nilishatuma tangu mchana.

Haikupita wiki nyingi, samaki wangu wa zamani tangini wakaanza kupungua. Walikuwa 22. Kila asubuhi nahesabu: leo wawili hawapo, kesho watatu, na mzoga hauonekani. Mwanangu wa miaka saba ananiuliza yule mwenye mkia mwekundu kaenda wapi. Usiku mmoja nikaamka saa nane, nikamulika na tochi ya simu. Mmoja wa wale weusi ametulia kwenye kona, mkia mwekundu umetokeza mdomoni mwake, bado unatikisika.

Nilipompigia muuzaji akageuza maneno: eti hao ni gogogo (samaki mwingine mwenye ndevu) wa Ziwa Tanganyika, ndiyo maana bei iko juu. Nikakaa mbele ya tangi kuwachunguza. Gogogo ana ndevu sita, mwiba mgumu mbele ya pezi la mgongoni, na kipezi cha nyama karibu na mkia. Hawa ndevu ni nane. Pezi la mgongoni ni laini, refu, linaanzia nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia, na kile kipezi cha nyama hakipo. Tena kila baada ya muda wanapanda juu kuvuta hewa. Msafisha kioo wa kweli, ambaye asili yake ni Amerika Kusini, mdomo uko chini ya kichwa kama kikombe, na mwili umefunikwa na vigae vigumu. Hawa ngozi ni tupu, inateleza. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa kando ya Ruvuma, hakuhesabu ndevu. Alitazama kile kichwa bapa akasema, "Baba, huyu ni kambale. Kwetu tunambanika."

Kambale anaweza kupita mita moja akikua. Tangi langu ni la lita 80. Na anaruka: mmoja nilimkuta asubuhi sakafuni barazani, mzima, kwa sababu ana kiungo cha kupumulia hewa ya nje.

Sasa kijana amenifungia namba. Jamaa yangu wa Lindi naye kauziwa hivyo hivyo, kwa picha zile zile.

Ukitaka kununua kwake au kwa mwingine, omba video ya samaki huyo huyo akiwa amejibandika, pokea mzigo mchana, hesabu ndevu kabla ya kulipa (zikiwa nane, ni kambale). Kama tayari unao, watenge leo kabla ya giza, funika chombo kwa wavu na uweke kitu kizito juu. Usiwamwage mtoni wala bwawani, hatujui wametoka wapi na wamebeba ugonjwa gani. Mimi nimempa wangu jirani mwenye bwawa la kambale watupu, baada ya kuwatenga wiki mbili kwenye ndoo.