Helios 44-2 kwenye Sony a6000: uzoefu wangu

Kwa picha za watu, siku hizi lenzi ninayoishika kwanza ni Helios 44-2, ile ya milimita 58 yenye tundu la mwanga la f/2, iliyokuwa ikija na kamera za Zenit enzi za Kisovieti. Muundo wake ulitokana na Biotar ya Carl Zeiss. Sensa ya kamera ya a6000, yaani kipande kinachonasa picha, ni ndogo kuliko filamu, kwa hiyo inabana picha kama lenzi ya milimita 87: uso na mabega, bila kumsogelea mtu mpaka akakosa raha.

Adapta ya M42, yaani hesi ya kufungia lenzi hii, ni bomba tupu, halina kioo ndani. Helios inataka milimita 45.46 kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa. Sony hizi zina 18 tu, na bomba linajaza pengo. Wenye DSLR za Nikon, zile kamera za dijitali zenye kioo cha kuakisi ndani, wafikirie mara mbili. Umbali wao ni 46.5, umeshazidi, hivyo vitu vya mbali havishiki fokasi mpaka utumie adapta yenye kioo, na vioo vya bei rahisi hufifisha picha.

Kamera haiitambui lenzi hii, itagoma kupiga. Ingia kwenye menyu uiruhusu kupiga bila lenzi, kisha washa alama za rangi zinazoonyesha kilicho kwenye fokasi. Kwenye f/2 alama hizo hazitoshi. Kuza picha hadi uzione kope.

Na hapo ndipo utamu ulipo! Msimamishe mtu mbele ya mwembe, majani yawe mbali nyuma yake: mianga ya katikati ya majani inazunguka kichwa kama kimbunga. Kwenye sensa ndogo mzunguko unapungua kwa sababu pembe zinakatwa, lakini upo. Ukielekea jua, picha inapauka na kutawanya mwanga. Mimi naupenda sana jioni. Ukitaka ukali, bana tundu hadi f/5.6.

Watoto wanaokimbia na harusi nawapigia lenzi yenye fokasi ya kujiendesha. Hapa kila kitu ni mkono.

Ukinunua iliyotumika, hasa huku pwani kwenye unyevu, pitisha tochi ya simu ndani ya vioo. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni fangasi, iache. Mafuta kidogo kwenye bapa za tundu yasikutishe, maana bapa hizo unazizungusha mwenyewe kwa pete.