Uzoefu wangu na kituo cha zimamoto na gari la wagonjwa kinachoendeshwa na watu wa kujitolea

Nianze na swali ninaloulizwa mara nyingi: wale wa kujitolea wanaaminika kweli, au ni watu wa kusaidia tu wakati wenye kazi yao hawajafika? Jibu langu ni kwamba wanaaminika, na nasema hivyo nikiwa nimewaita kwa mgonjwa, nimewaona kwenye moto, na nimekaa darasani kwao. Nitaeleza walichofanya hasa, kwa sababu sifa za jumla hazimsaidii mtu anayejiuliza kama apige simu au ampakie mgonjwa wake mwenyewe kwenye gari.

Mama yangu alipatwa na kiharusi asubuhi. Tulimkuta amekaa kitandani, mdomo umevutika upande mmoja, anatuangalia lakini hajibu. Aliyepokea simu hakupoteza muda. Aliuliza tulipo, akauliza kama mama anapumua na kama anatusikia, kisha akasema tusimpe kitu chochote mdomoni, iwe maji au dawa. Dada yangu alikuwa ameshika bilauri, akaiweka chini. Baadaye tulielezwa kwamba kiharusi kinaweza kudhoofisha misuli ya koo, na mgonjwa akinywa, maji yanaweza kuingia kwenye mapafu badala ya tumbo.

Waliingia watatu. Kijana aliyetangulia alipiga goti mpaka macho yake yakawa sawa na ya mama, akasema, "Shikamoo mama." Mama alijaribu kuitikia, neno likatoka nusu. Kijana hakuonyesha kushtuka. "Tabasamu kidogo nikuone, mama." Upande mmoja wa uso ulibaki vilevile. "Sasa nyoosha mikono yote miwili mbele, fumba macho, mimi nahesabu." Kabla hajafika kumi, mkono wa kulia ulikuwa umeshuka wenyewe. Uso, mkono na usemi, vyote vimeshapimwa, na mama aliona tu kwamba kuna kijana anamsalimia kwa heshima.

Mwenzake wakati huo alikuwa anamtoboa kidole kupima sukari. Nilishangaa, kwa sababu mama hana kisukari. Akanieleza huku anafanya kazi kwamba sukari ikishuka sana mtu anaweza kuonekana kama ana kiharusi, na hiyo hutibiwa papo hapo, kwa hiyo lazima waiondoe kwanza kwenye hesabu. Nikaomba wamwekee oksijeni. Alinionyesha namba kwenye kile kifaa cha kubana kidoleni: "Hewa yake inatosha. Tukimwongezea bila haja hatumsaidii." Napenda mtu wa namna hiyo, anayekuambia kwa nini hafanyi kitu.

Kisha likaja swali lililokuwa la maana kuliko yote. Hakuuliza tulimkuta saa ngapi. Aliuliza, "Mara ya mwisho mlimwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi?" Dada alikuwa amezungumza naye alfajiri, akakumbuka saa. Kijana alichana kipande cha plasta, akaandika ule muda kwa kalamu nene, akakibandika juu ya shuka ya machela ili kila atakayempokea mama akione.

Sababu yake ni hii. Kiharusi kikiwa kimesababishwa na donge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, ipo dawa ya kuliyeyusha, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Na haitolewi kabla kichwa hakijapigwa picha ya CT, yaani picha ya mashine inayoonyesha ndani ya ubongo, maana kama mshipa umepasuka na damu inavuja, dawa hiyohiyo inaweza kumuua. Ndiyo maana hata asprini ya nyumbani walituambia tuiache. Kazi yao ilikuwa kulinda muda na kumfikisha mahali penye kipimo. Njiani walipiga simu hospitali wakasema wanaleta nani, ana dalili gani na tangu saa ngapi. Tulipofika tulikuwa tunasubiriwa, na mama alipelekwa moja kwa moja kwenye picha. Leo anatembea kwa fimbo na anagombana na wajukuu kama zamani.

Kwa upande wa moto, niliwaona kwa jirani. Mafuta yaliwaka kwenye sufuria, moto ukashika kabati za jikoni. Walipofika, kiongozi wao hakukimbilia mlangoni. Alizunguka nyumba. Watu walianza kupiga kelele, "Mnasubiri nini?" Yeye anatazama moshi unatokea dirisha lipi, una rangi gani, unatoka polepole au unasukumwa. Akamshika mwenye nyumba mabegani, akamuuliza swali moja mara mbili: "Ndani kuna mtu?" Akaagiza umeme ukatwe na valvu ya gesi ifungwe. Mlango wa jikoni aliuacha umefungwa mpaka mpira wa maji ukajaa na wawili wakawa tayari wamevaa vinyago vya kupumulia.

Baadaye nilielewa. Moto uliofungiwa ndani huwa na njaa ya hewa, na ukiufungulia mlango kabla huna maji mkononi, unaulisha. Ile dakika tuliyoiona ya kuzubaa ndiyo iliyookoa sebule na vyumba vya kulala. Kuna mtu pale alikuwa tayari ameleta ndoo, na kijana mmoja wa kituo alimzuia kwa mkono kifuani, bila ukali. Maji yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka huzama chini ya mafuta, huchemka ghafla, na mvuke wake hutanuka takriban mara 1,700 ya ujazo wa maji yenyewe. Mafuta yanarushwa hewani yakiwa moto. Sufuria ikiwaka hufunikwa kwa mfuniko na jiko huzimwa, basi. Na mfuniko usiguswe mpaka sufuria ipoe.

Wale wawili waliingia wakiwa wameinama, maana moshi na joto hukaa juu. Wawili wengine walibaki nje wamevaa kila kitu, hawafanyi lolote. Hao ndio niliowatazama zaidi. Walikuwa wanasubiri kuwatoa wenzao kama mambo yangeharibika, na hakuna jirani aliyewapigia makofi. Moto ulipozimika hawakuondoka. Walipitisha kamera ya joto ukutani na kwenye dari kutafuta mahali palipobaki moto uliojificha, wakabomoa sehemu ya dari na kumwagia maji tena. Mwenye nyumba alilalamika kuhusu dari. Namwelewa, lakini moto unaorudi usiku watu wamelala ni mbaya zaidi.

Kitu kimoja kilinigusa pale. Kabla ya kupanda gari walisuguana kwa brashi na maji ya sabuni, mmoja akimsafisha mwenzake, kisha suti zikatiwa kwenye mifuko na kufungwa. Nilidhani ni usafi tu. Masizi yale yana sumu zinazopita kwenye ngozi. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya kuzima moto kwenye kundi la 1, yaani kundi la mambo yanayojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hawa watu wanalijua hilo, hawalipwi mshahara, na simu ikilia wanatoka. Mimi naliheshimu jambo hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Kwa wanaosema kujitolea maana yake ni kubahatisha, wakumbuke kwamba Chile tangu kikosi cha Valparaíso kilipoanzishwa mwaka 1851 imejenga huduma yake ya zimamoto juu ya watu wa kujitolea. Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi chao Philadelphia mwaka 1736, na mpaka leo wazimamoto wengi wa Marekani ni wa kujitolea. Ujuzi unatokana na mazoezi, na mazoezi ya kituo hiki nimeyaona. Kila zamu inapoanza wanafungua kila sanduku la gari la wagonjwa, wanahakiki mtungi wa oksijeni, wanawasha mashine ya kushtua moyo, wanahesabu glavu. Asiyeweka sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi hapangiwi zamu.

Mafunzo wanayotoa kwa raia nayapa alama za juu kabisa. Ni darasa la kufanya, hukai kusikiliza tu. Kwa mtu ambaye moyo wake umesimama, unajifunza hivi: unapiga magoti mbele ya mdoli, unaweka kiganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, unakandamiza kwa kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na unakiachia kifua kirudi juu chote kabla ya kukandamiza tena. Hapo kwenye kuachia ndipo wengi tulipokosolewa. Mwalimu alikuwa fundi magari mchana, na alikuwa na jicho kali: akiona viwiko vimekunjwa anavigonga kwa kidole. Alitufundisha kupokezana kila baada ya dakika 2 hata kama mtu anasema hajachoka, kwa sababu mikono hulegea kabla mwenyewe hajajua. Mashine ya kushtua moyo nayo tuliishika. Inazungumza, inakuelekeza hatua kwa hatua, na haitoi mshtuko kama mapigo ya mgonjwa hayahitaji, kwa hiyo mtu wa kawaida asiiogope. Kwa kuungua walisisitiza maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, si dawa ya meno.

Sasa kasoro, maana zipo. Kubwa ni mchana wa siku za kazi. Usiku kuna zamu inayolala kituoni, gari linatoka mara moja. Mchana wengi wako kazini kwao. Simu ikiita, inabidi mtu aache kazi yake, aende kituoni, avae, ndipo gari litoke. Tofauti hiyo inaonekana. Siku jirani mwingine alipoanguka bafuni mchana, tulisubiri muda mrefu kuliko tulivyosubiri kwa mama, na kusubiri na mtu anayelia kwa maumivu si jambo dogo. Kasoro ya pili ni gari la wagonjwa kuwa moja. Likiwa nje na mgonjwa, simu yako inapelekwa kituo cha mbali, na hilo wanakwambia wazi ili uamue. Ya tatu ni ndogo: baada ya kumfikisha mgonjwa hakuna utaratibu wa kuwarudishia habari. Niliporudi kuwaambia mama anaendelea vizuri, yule kijana alisema mara nyingi huwa hawajui mwisho wa watu wanaowabeba. Ningependa hospitali na kituo wapange njia ya kuwajulisha, hata kwa neno moja.

Unapowaita, taja mahali kwanza kabla ya kitu kingine chochote, ili simu ikikatika wawe wanajua pa kuja. Usikate simu mpaka uambiwe. Fungua geti, washa taa ya nje hata kama hakujawa na giza sana, funga mbwa, mtume mtu barabarani akawaonyeshe njia. Weka dawa zote za mgonjwa kwenye mfuko mmoja. Sisi sasa tuna karatasi nyuma ya mlango yenye majina ya dawa za mama, vipimo vyake, na kitu kinachomdhuru.

Kituo kinatafuta watu wanaoweza kutoka mchana, na hapo wastaafu, wanaofanya kazi za zamu na wenye biashara zao wanahitajika sana. Si lazima uingie motoni. Wanahitaji madereva, wapokea simu, watu wa kujaza mitungi ya hewa, wa kukagua mipira ya maji na wa kutunza hesabu za mafuta ya gari. Mwajiri anayemruhusu mfanyakazi wake kutoka simu inapoita naye anachangia, na waajiri wa namna hiyo hapa kwetu bado ni wachache mno.