TAHADHARI: Plagi Ikiganda, Usikubali Kuuziwa Hedi

Wenye pikapu za zamani za petroli hapa Dar, hasa Hilux na Nissan, naomba msome hadi mwisho. Kuna muuza spea na fundi wake, maeneo ya Ilala kuelekea Gerezani, wanapiga watu kupitia plagi zilizoganda, yaani plagi za cheche zilizong'ang'ania kwenye hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda. Jina la duka silitaji kwa kuwa suala liko polisi, ila mchezo wenyewe nauanika wote. Na nisieleweke vibaya: pale Gerezani kuna wauzaji waaminifu wengi, nimenunua kwao kwa miaka.

Aliyepigwa ni mzee wa mtaani kwetu Mbagala, anabeba mbao kwa Hilux yenye injini ya 22R. Gari lilianza kumisi, injini inakosa moto na kutetemeka, akaambiwa abadili plagi. Alipofika dukani akauziwa nne, kisha muuzaji akamwambia kijana wao atamfungia palepale barabarani, bure. Hiyo bure ndiyo ndoana.

Injini ilikuwa bado ya moto kutoka barabarani. Plagi tatu zikatoka. Ya nne, ile ya nyuma kabisa karibu na kabini, ikagoma. Kijana akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akajitupia nalo kwa uzito wake wote mpaka plagi ikakatika shingoni.

"Mzee wangu, hedi ndiyo basi tena. Uzi wa kufungia plagi wote umeliwa."

"Hakuna namna ya kuiokoa, mwanangu?"

"Hii aluminiamu, mzee. Haitengenezeki."

Muda si mrefu ikaletwa hedi ya mtumba, laki nane, "bei ya mzee wetu". Ile yake ikapakiwa kwenye bodaboda eti inapelekwa kupimwa. Haikurudi. Alipoiulizia akaambiwa achana na chuma chakavu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapo amedanganywa mara mbili.

Kwanza, plagi kuganda ni jambo la kawaida kwenye gari la umri huo, na fundi anayejua kazi hailazimishi. Plagi ni chuma, hedi ni aluminiamu, na metali mbili tofauti zikikaa pamoja kwenye unyevu huliana. Hewa yetu ya pwani ina chumvi. Ongeza maji ya presha tunayopigiwa kwenye injini kwa waosha magari, yanayobaki yametuama kuzunguka plagi. Upande wa ndani nako masizi yanashika kwenye uzi. Halafu aluminiamu ikiwa ya moto sana ni laini, kwa hiyo ukiilazimisha plagi kwa bomba ndipo uzi unapong'oka pamoja nayo. Anayefanya hivyo ama hajui kazi, ama anajua vizuri sana anachotafuta.

Kazi halali inaendaje? Injini inaachwa ipoe. Uchafu unaozunguka plagi unapulizwa kwa upepo usije ukadondokea kwenye silinda. Inapigwa mafuta ya kulainisha kutu na kuachwa, ikibidi hadi kesho yake. Kisha plagi inalegezwa kidogo tu, inarudishwa, inaongezwa mafuta, inalegezwa tena. Ikianza kulia kwa kukwaruza, fundi anasimama na kuirudisha ndani kabla ya kujaribu tena. Ni kazi ya subira, na ukiona mtu ana haraka nayo, funga boneti uondoke.

Pili, uzi wa plagi ukiharibika, hedi haijafa. Tundu linachongwa uzi mpya mkubwa kidogo, inaingizwa bushi ya uzi (kijibomba chenye uzi ndani na nje), na plagi ya kawaida inafunga kama zamani. Mara nyingi hata hedi haifunguliwi: kifaa cha kuchongea kinapakwa grisi ili kishike vipande vinavyochongwa, na silinda inasafishwa baada ya hapo. Plagi iliyokatika nayo ina vifaa vyake vya kuitolea. Mafundi wa mashine za kuchonga vyuma mjini wanafanya kazi hizi kila siku, na hazikaribii hata kidogo bei ya hedi.

Tulipozifungua zile plagi nyumbani tukakuta na zenyewe ni feki. Boksi lilikuwa zuri, lakini maandishi kwenye kauri yalifutika kwa ukucha, ncha ya katikati ilikaa upande, na washa, ile pete inayokaa kati ya plagi na hedi, ilichomoka yenyewe. Kwenye plagi halisi washa imebanwa, haitoki kirahisi. Uzi wa zile feki ulikuwa na makovu, na plagi ya namna hiyo ndiyo itakayoganda tena. Plagi mpya inatakiwa iingie kwa vidole mpaka washa iguse hedi, ndipo ikazwe kwa spana nusu mzunguko au zaidi kidogo, isifike mzunguko mzima. Kwa 22R nafasi ya cheche, yaani pengo kati ya ncha za plagi, ni milimita 0.8. Pima kabla ya kufunga.

Spea yoyote iliyotolewa kwenye gari lako ni mali yako. Ikae miguuni pako mpaka unaondoka, hata kama imevunjika. Kabla hedi haijafunguliwa, piga picha ya namba zake na za injini. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Yule mzee alipewa kikaratasi cha mkono kisicho hata na jina la duka, na hapo ndipo kesi yake inaposumbua. Bidhaa bandia zinaripotiwa Tume ya Ushindani, FCC, na ubora mbovu unaripotiwa Shirika la Viwango, TBS. Hifadhi plagi pamoja na maboksi yake.

Hedi ya mzee bado inatafutwa, na naamini itauzwa kwa mwingine baada ya kuwekewa bushi. Ni ya 22R, tundu la plagi ya nne ndilo lililoharibika, na ubavuni ina alama mbili za tindo zilizopishana kama msalaba, alizipiga mwenyewe zamani. Ukiletewa hedi ya namna hiyo, usilipe. Ipige picha, niandikie hapa chini, nitakuunganisha na mzee aje na askari anayeshughulikia faili lake.