Dakika 10 mbele ya kinanda cha miaka 639

Hasira hizi nimekaa nazo wiki kadhaa, leo naziandika. Nyota moja kwa kampuni iliyotupeleka Halberstadt, na hiyo moja ni ya dereva aliyempa mama yangu mkono akishuka kwenye basi.

Mama alikuja Ujerumani kunitembelea kutoka Tanga, wakati wa baridi. Nikalipia safari ya siku moja ili akaone kanisa la Mtakatifu Burchardi, au niseme akalisikie. Masista Wasitoo walisali pale karne nyingi, mpaka 1810 monasteri ikafungwa. Jengo likawa ghala, likawa kiwanda cha pombe kali, likawa hata banda la nguruwe. Sasa mna kinanda kinachopiga muziki wa John Cage, mtunzi Mmarekani, ule aliotaka upigwe polepole kadiri iwezekanavyo, na wenyeji wakaamua uchukue miaka 639, uishe 2640. Hesabu waliitoa kwao wenyewe: mwaka 1361 kanisa kuu la mji huohuo lilipata kinanda kikubwa, na toka hapo hadi 2000 ni miaka 639.

Ndani ni kuta za mawe tupu na ile sauti, haikati. Mpigaji hakuna. Vibonyezo vimevutwa chini na vifuko vidogo vya mchanga, upepo unasukumwa kwa umeme. Mama alijikaza kanga juu ya koti, akasimama kimya. Kisha akasogea hatua mbili, akarudi, akasogea tena.

"Mwanangu, ukihama nayo inahama."

Nikajaribu. Kweli, katikati ya kanisa ilikuwa nene, inaingia kifuani. Karibu na ukuta ikatokea nyingine nyembamba ambayo sikuwa nimeisikia kabisa.

"Hii ni korona," akasema. Mama alifanya kazi miaka mingi kwenye mkonge, na korona ndiyo mashine inayochakata yale majani. "Ilikuwa inanguruma kutwa, tukawa hatuisikii tena. Siku ikizimika ndiyo tunashtuka, tunatoka nje kuulizana kuna nini."

Nikamweleza kwamba muziki huu ulianza 2001 kwa kimya, miezi 17 nzima, sauti ya kwanza ikaja 2003. Alikuwa anataka kuniuliza kitu. Sijui alitaka kuuliza nini, maana hapo ndipo yule kijana mwongozaji wetu alipopiga makofi. Makofi, ndani ya kanisa! Dakika 10 zimekwisha, kila mtu kwenye basi.

Nikamwomba dakika tano. Akanijibu kwa Kijerumani, huku anamtazama mama: mwambie bibi hakuna zaidi, ni sauti ileile tu. Kisha akamshika mkono wa koti akamvuta kuelekea mlangoni. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anavutwa kama mtoto aliyepotea sokoni! Mama hakusema neno. Akaomba radhi yeye, kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua Kiswahili. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Na tulikuwa tunakimbilia nini? Mkahawa. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima tukisubiri wenzetu wamalize keki.

Nilifika nyumbani nimeapa kuwaambia watu wote wasiende. Naifuta kauli hiyo. Nendeni Halberstadt, nendeni kwa treni, mkae mpaka miguu iwafe ganzi. Kwa kinanda kile nyota zote tano, na kama kuna ya sita nayo waipate. Kampuni hii msiiguse. Hata ile nyota moja naiona ni nyingi, ila dereva yule simnyimi haki yake.

Nimewaandikia mara mbili, hawajajibu. Nauli yangu kaeni nayo, mimi naishi huku, nitarudi. Ya mama naitaka.