Nyaraka za kesi ya Ongwen: ghala la bure kwa mtafiti wa vita vya msituni

Anayeandika tasnifu au makala ya jarida kuhusu LRA, waasi wa Joseph Kony wa kaskazini mwa Uganda, awe chuo kikuu cha Makerere au cha Gulu, ana ghala lisilomtoza hata shilingi: kumbukumbu za kesi ya Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa waasi hao, kwenye tovuti ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Hukumu ya tarehe 4 Februari 2021 peke yake ina kurasa 1,077. Usithubutu kwenda kuichapa yote kwenye maduka ya Wandegeya, Kampala.

Itafute kwa namba: ICC-02/04-01/15-1762-Red. Ukiandika "Ongwen" tu, utazama kwenye maombi ya mawakili na amri ndogondogo. Hiyo "Red" ni alama ya toleo la umma, lenye sehemu zilizofichwa. Ukishaifungua, mashtaka yaache kwanza. Anza na muundo wa LRA: juu kabisa Control Altar, yaani makao makuu ya uongozi, halafu brigedi za Sinia, Gilva, Stockree na Trinkle, na batalioni zilizo chini yake. Bila ramani hiyo kichwani, ushahidi unaofuata ni majina matupu.

Pa kukaa muda mrefu ni kwenye redio. UPDF (jeshi la Uganda), ISO (idara ya ujasusi wa ndani) na polisi, kila mmoja kwa upande wake, walinasa mawasiliano ya waasi na kuyaandika kwa mkono kwenye madaftari. Majaji wanayapambanisha. Soma shambulio la Odek, kambi ya watu waliohamishwa makwao, 29 Aprili 2004, uone taarifa za hewani zikiwekwa kando ya maneno ya mashahidi. Hapo mtu anajifunza zaidi amri ilivyosafiri porini kuliko kwenye mihadhara mingi ya nadharia. Ila kuwa macho: kamanda anayeripoti kwa mkubwa wake aweza kutia chumvi, mawimbi hukatika, na mnasaji huandika alichosikia tu.

Tanbihi zinakupeleka kwenye mahojiano ya mahakamani, yenye herufi T katika namba zake. Ukinukuu, taja namba ya T, ukurasa na mstari. Kwa hukumu, taja aya. Mtahini atakagua.

Kasoro zipo, na si ndogo. Mamlaka ya mahakama yanaanzia 1 Julai 2002, na mashtaka yanaishia 31 Desemba 2005. Miaka ya kuanzia 1987 imeguswa kama usuli tu. Tasnifu inayoeleza vita vyote kwa miaka hiyo mitatu na nusu imejichongea. Pia mwendesha mashtaka hutafuta hatia, hatafuti mkakati. Kwa nini serikali iliwahamishia watu kambini? Hilo lifuate kwenye Hansadi ya Bunge. Tena mashahidi wengi walisema Kiacholi, nawe unasoma Kiingereza. Neno "lapwony", walilomwitia kamanda, maana yake ni mwalimu. Likigeuzwa kuwa cheo tu cha kijeshi, nusu ya habari imepotea.

Mashahidi wengi wanatajwa kwa P (upande wa mashtaka) au D (utetezi) na namba, ili wasijulikane. Hata kama kijiji unakijua, usijaribu kumfumbua mtu.

Kusoma nyaraka hizi hakuhitaji kibali. Kwenda Lukodi au Pajule, palipokuwa na kambi zilizoshambuliwa, kuhoji watu kunahitaji: kwanza idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, kisha kibali cha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Anza taratibu hizo mapema, na wakati unasubiri, soma sehemu ya redio.